Bwana wa Columbus

Basi lilikuwa limekwisha kuiacha Louisville nyuma, limepita mashamba ya farasi na maghala yasiyo na madirisha, na Nyarugabo alikuwa bado hajaegemea kiti. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa na mkubwa, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Kijana wa kiti cha pembeni alimwashiria kwamba anaweza kumwekea juu. Nyarugabo alimtazama mpaka kijana wa watu akageukia dirisha.

Hakumwamini. Mwezi ule hakuwa akimwamini mtu, na wa kwanza ni hao hao aliowaacha kituoni wakimpungia mkono, mwanawe Rugaba na mkewe Dative. Dative alikuwa amemfungia chapati na mayai ya kuchemsha, akamviringishia kitambaa shingoni, akamwambia, "Mama, usikawiye huko." Usikawiye! Anayekutakia heri hukuambia hivyo? Au hivyo husema mtu anayejua kwamba mlango unaokwenda kuugonga umekwisha kufungwa, na aliyeufunga ni yeye?

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kule Buffalo kulikuwa na jengo la matofali, zamani shule, lililogeuzwa vyumba vya watu wa kipato kidogo. Ukizidi kipato hawakupokei, na ukificha kipato ndiyo kabisa hawataki kukusikia. Leya, rafiki yake waliyekaa naye hema kwa hema katika kambi ya wakimbizi, alikuwa akiishi karibu na hapo, mtaa wa Lower West Side. Ndiye aliyempigia simu. "Kuya, weye. Utakuwa na mlango yako. Utakuwa na ufunguo."

Neno ufunguo lilimwingia Nyarugabo likakaa. Tangu ashuke kutoka milima ya Kivu Kusini alikuwa amelala katika hema, katika darasa, katika stoo ya kanisa, na sasa sebuleni kwa mwanawe, kwenye kochi la kukunjua, akisubiri watoto wazime televisheni. Katika maisha hayo yote hakuna mtu aliyewahi kumpa ufunguo.

Wakaomba. Mjukuu wake Isaro, binti wa Rugaba, akajaza kila kitu kwenye kompyuta ya shule. Siku chache baadaye ofisi ya Buffalo ikapiga simu na mkalimani katikati. Wa lugha ya milimani hakupatikana, wakampa wa Kiswahili. Si neno, nyumbani kwao Kiswahili kilisemwa kila siku, maana Dative alikuwa mtu wa Bukavu. Nyarugabo alijibu mwenyewe, Dative akitwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni, masikio wazi. Aliona amejibu vizuri.

Halafu jibu likaja, nalo ni hapana.

Isaro alilisoma, akalisoma tena. Mtoto huyu ukimwuliza kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alikitafuta Kiswahili chake chote. "Nyogokuru," alisema, maana ndivyo wajukuu walivyomwita, "banasema uko na bwana. Banasema ulimuficha. Eko Columbus, anatumika, na makuta, mushahara yake, hatukuandika."

Rugaba akaichukua barua, akaitazama.

Mumewe, Sebineza, alitoka asubuhi moja wakati wa vita kufuata ng'ombe waliotawanyika, na hakurudi. Kaburi hakuna. Aliyeuona mwili hakuna. Kambini walipomwuliza, Nyarugabo alikataa katakata kusema amekufa. "Alipotea," alisema, na ndivyo ilivyoandikwa.

"Ni kosa ya kompyuta," Rugaba akasema haraka. Haraka kupita kiasi, kwa sikio la mama aliyemzaa. Na Dative akainama kuokota kitu chini ya meza, akakaa huko chini muda.

Hapo shaka ikaanza kumla. Kwanza alimwaza Dative. Yeye na Rugaba walikuwa wakipishana zamu kwenye depo, ghala la mizigo, na watoto wadogo walilelewa na nani? Na Nyarugabo. Akiondoka, nani atawavua viatu? Mke wa mwana angeweza kabisa kupiga simu, akatunga mume, mambo yakaisha.

Lakini kulikuwa na wazo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Huenda ni kweli. Watu waliokwisha kuliliwa walikuwa wakionekana. Mzee mmoja wa kanisa lao, aliyefanyiwa kilio chote na nyimbo, alikutwa Texas dukani akichagua maziwa. Sasa kama Sebineza yuko hai Columbus? Kama ana mwanamke, na watoto wanajua, na wanamficha mama yao ili asiumie? Serikali ya Marekani inajua hata namba ya kiatu chako. Ikisema una mume, imemtoa wapi?

Barua ilisema anaweza kukata rufaa, aende mwenyewe au azungumze kwa simu. "Naenda mwenyewe," alisema. "Na nitapita Columbus kusalimia Gisubizo." Gisubizo alikuwa mtoto wa kwanza wa Rugaba, kijana wa depo naye. Rugaba alisita kabla ya kuitikia, na Nyarugabo akakuona kule kusita akakuweka akiba.

*

"Bwana yangu!" alilia Nyarugabo kituoni Columbus, akimkamata Gisubizo mashavu. "Umekonda hivi! Nani anakupikia?"

"Bibi yangu, karibu," alisema Gisubizo, lakini macho yalikwenda pembeni.

Alikaa Hilliard, nje kidogo ya mji, katika nyumba za kupanga zilizofanana kama mikate. Njia nzima aliendesha gari kwa mikono miwili, hakuuliza habari za nyumbani hata moja. Nyarugabo alihesabu hilo pia.

Mlangoni palikuwa na ndala za kike. Bafuni, miswaki miwili. Chumba kimoja kilifungwa. Lakini kilichomsimamisha moyo kilining'inia kwenye msumari sebuleni: kofia ya ukingo mpana, rangi ya udongo, kofia wanayovaa wazee wa milimani wanapokwenda penye maneno makubwa. Sebineza alikuwa nayo. Aliondoka nayo.

"Kofia ya nani ile?"

"Ya... ya muntu."

"Muntu gani? Muntu eko na jina."

"Bibi yangu, kaa kwanza, nikuletee chai."

"Chai nilikunywa Louisville. Fungua ile chumba."

"Mule ni fujo tu."

"Nililala mu kambi, fujo naijua kuliko weye. Fungua."

Kijana alisimama mbele ya mlango kama kipa. Ndani kitu kikagonga kitanda. Kulikuwa na mtu. Sauti iliyomtoka Nyarugabo ilikuwa ya msichana aliyekuwa zamani. "Sebineza?"

Kisha mlango ukafunguka kwa ndani, akatoka msichana mrefu aliyevaa fulana ya kazi ya depo, na tumbo lake limeitangulia fulana. Akapiga magoti hapo hapo kwenye zulia, akanyoosha mikono yote miwili kusalimia.

"Anaitwa Shami," alisema Gisubizo, akiangalia vidole vya miguu yake. "Ni muntu wa kwetu, wa Minembwe. Papa yangu hajue. Ile kofia nilinunua ju ya papa, avae siku ya kwenda kumuposa kwa baba yake. Nilikosa tu namna ya kumwambia."

Nyarugabo akaishusha kofia, akaigeuza. Ndani kikaratasi cha bei cha dukani kilikuwa bado kimeshonewa. Akairudisha msumarini polepole.

"Donc," alisema alipopata pumzi, "mimi nimesafiri kutafuta bwana wa zamani, kumbe huyu wa sasa amenioleya mwenzangu. Simama, mke mwenza, hiyo tumbo haipendi zulia."

Shami alicheka mpaka machozi. Gisubizo akacheka kwa kuwa amesalimika. Nyarugabo naye akacheka, ila mezani, wali ulipokwisha kupakuliwa, alimgeukia mjukuu.

"Sasa niambie bila kuzunguka. Babu yako eko hapa Columbus?"

"Nyogokuru." Safari hii hakufanya mzaha. "Angekuwa hapa, ningekuletea mimi mwenyewe, usiku ule ule."

Alimchunguza usoni, akatafuta pa kushikia, hakupata. Alitazamia kufurahi kwamba hakuna mwanamke, hakuna uongo, hakuna aibu. Badala yake alijisikia kama mtu aliyeibiwa. Aliendelea kula. Basi waliobaki ni wale tu waliomsingizia.

*

Buffalo alikuta upepo wa ziwani unaotafuta vifungo vya koti. Leya alimpokea kwa kelele, mwanamke mfupi wa maneno mengi, akamketisha na kumimina chai.

"Ile nyumba," alisema Nyarugabo, "batu bengine banapataka?"

"Eh, wifi yangu alipata. Juzi tu akahamia."

Kikombe kikasimama njiani. Juzi tu! Wifi yake! Yeye akataliwe kwa mume wa kutungwa, na wifi wa Leya apate? Na nani aliyejua habari zake zote, za Sebineza, za Gisubizo, za nani yuko wapi? Nyarugabo akakirudisha kikombe mezani, akangoja. Leya akainua chai yake, akanywa. Ndipo na yeye akanywa.

"Nimekuona," alisema Leya. "Unangoja nianguke kwanza?"

"Ni moto tu."

"Moto! Vita ilikuharibu macho, weye. Ungekuwa na chumba ungemulaza mbwa mulangoni akuangalie weye mwenyewe."

Asubuhi yake walikwenda pamoja. Nyarugabo hakutaka aende naye, lakini Leya alikwisha kuvaa.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye joto la kupita kiasi. Mama wa Kizungu mwenye miwani ya kamba aliwakaribisha kwa adabu, akaweka simu katikati ya meza, akabonyeza, na sauti ya mwanamume ikatoka humo, Kiswahili kilichonyooka, cha Kigoma au huko upande wa Tanzania.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye mkalimani wako leo."

Nyarugabo akaitazama simu kwa hasira. Kwao Kivu, bibi ni mke. "Nani bibi yako? Ulinioa wapi?"

Leya akajikohoza. Simu ikashusha sauti. "Samahani, mama. Kwetu ni neno la heshima. Tuendelee."

Yule mama akaanza kusoma, na sauti ikamfuata nyuma. Kwamba katika mazungumzo ya kwanza mwombaji aliulizwa kama kuna mtu anayemsaidia. Kwamba alijibu: mume wangu yuko Columbus, anafanya kazi kwenye ghala, ndiye anayenilipia simu na kuninunulia koti. Kwamba mume huyo hakuandikwa katika maombi.

"Uongo!" Nyarugabo alisimama. "Nani aliwaambia?"

"Anasema ni wewe mwenyewe, mama. Ni maneno yako."

"Mimi? Mimi sina bwana Columbus! Nimetoka huko, nimeangalia mpaka nyuma ya milango! Mulipewa na nani haya maneno? Huyu hapa?" Akamwonyesha Leya kwa kidole, mbele ya Mzungu. "Au muke wa mutoto wangu? Au ni weye mwenye kujificha mu simu?"

"Mimi?" alisema Leya, na uso wake ukabadilika. "Mimi niliyekugawia unga?"

Sauti ya simu ikasema taratibu, "Mama, siku ile mkalimani hakuwa mimi. Lakini tafadhali kaa. Wakiona unagombana wataandika hivyo pia."

Alikaa. Aliweka mikono juu ya mkoba, na chini ya mikono, mkoba wenyewe ukaanza kuimba. Simu yake. Akaitoa, akatazama picha kwenye kioo, akasema kama ambavyo angesema siku yoyote ya maisha yake: "Munisamehe kidogo. Ni bwana yangu, anataka kujua kama nilifika."

Yule mama, kwa kuwa mkalimani alikuwa hajatafsiri, alimtazama kila mmoja.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Leya. Kicheko kilianza kama kwikwi, kikapanda, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa na mabega yakaanza kuruka. "Ni weye!" alisema akitafuta hewa. "Yesu wangu! Aliyekushitaki ni weye!"

"Mama," ilisema simu, na sasa ile sauti ilikuwa na tabasamu ndani yake, "huyo bwana yako ana umri gani?"

"Bado mutoto. Juzi tu ameota ndevu."

"Na alizaliwa na nani?"

"Na Rugaba. Mutoto wangu." Kisha akasikia alichokisema. Akakisikia chote, tangu siku ile ya sombe mpaka kituo cha basi. Aliweka mkono mdomoni.

"Hata nyanya yangu aliniita mume wake," alisema mkalimani. "Nilipooa alinidai talaka." Akageukia Kiingereza, akaeleza kwa muda mrefu, na Nyarugabo akamwangalia yule mama usoni kama mtu anayengoja mvua. Uso ule ulikunjamana, ukakataa, ukauliza tena. Mwanamke mzee anamwita mjukuu wake mume? Kila siku? Na yeye mjukuu anaitikia? Leya akaingilia kwa Kiingereza chake kidogo, akajipiga kifua: mimi pia niko nao, waume watano. Hatimaye yule mama akavua miwani akaifuta, na akacheka kidogo, kwa pua.

Lakini hakufunga faili.

"Anasema amekubali habari ya mjukuu," ilisema sauti. "Ila sasa anauliza mume mwenyewe, wa ndoa. Katika makaratasi ya ukimbizi imeandikwa hajulikani aliko. Kama kuna mume, popote alipo, kipato chake lazima kijulikane. Kama hayupo, utie sahihi tamko kwamba wewe ni mjane."

Mjane. Nyarugabo alilijua neno hilo kutoka Biblia. Halikuwahi kuwa lake.

"Haiwezi kuandikwa alipotea?"

Wakasemezana. "Haiwezi, mama. Kuna kisanduku cha aliyeolewa, kuna cha mjane, kuna cha aliyeachwa. Cha aliyepotea hakuna."

Siku chache tu nyuma Nyarugabo alikuwa amemwona Sebineza karibu kabisa, na kofia yake, nyuma ya mlango wa Hilliard. Tangu siku ya barua mpaka mlango ule, Sebineza alikuwa amefanya kazi kwenye depo, amekula, amemkosea na mwanamke mwingine, na alikuwa hai. Leya aliacha kucheka. Aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na wa mwenzake, hakumgusa.

"Umuulize," alisema Nyarugabo. "Nikitia sahihi, na yeye akuye?"

Sauti ikauliza. Yule mama hakuelewa mara ya kwanza. Alipoelewa hakutikisa kichwa wala hakumpa pole. Alifikiri, kama mtu wa ofisi anavyofikiri, akajibu.

"Anasema akija, njoo naye hapa. Wataandika upya watu wa nyumba, na watahesabu upya kipato."

Nyarugabo alilipima jibu hilo. Katika miaka yote hiyo, wachungaji walimwambia atamwona mbinguni, na wanawe walimwambia asahau. Huyu peke yake ndiye aliyesema alete mtu wataandika.

"Bon," alisema. "Mulete kalamu."

Njiani kurudi, upepo ukiwapiga mgongoni, Leya alitembea mbele bila kusema, na kwa Leya hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Kwenye taa za barabarani Nyarugabo alimfikia.

"Ile kidole," alisema.

"Iko na nini?"

"Ilikosea."

Leya aliangalia taa mpaka ikabadilika. "Utapika weye," alisema. "Wiki yote."

*

Rufaa ilikubaliwa. Chumba alichoomba kilikuwa kimekwisha kupewa mtu mwingine, kwa hiyo walimrudisha kwenye orodha, juu, na majira yote ya theluji alilala kwa Leya na kupika. Theluji ilipoyeyuka akapewa chumba ghorofa ya pili, upande wa maegesho ya magari, na ufunguo.

Gisubizo na Shami walifunga ndoa Columbus mtoto wao alipokwisha kuzaliwa. Ni wa kike, kwa hiyo Nyarugabo hakupata bwana mwingine. Rugaba alivaa ile kofia siku ya posa, ikambana kidogo.

Rugaba alikuja kusema baadaye kwamba hata yeye, barua ilipokuja, alidhani baba yake yuko hai, na kwa siri aliwapigia watu wa Columbus simu kumwulizia. Ndiyo maana alikimbilia kusema ni kosa la kompyuta, na akasita Columbus ilipotajwa.

Dative alibadili zamu akalea watoto mwenyewe. Chini ya meza alikuwa ameokota kifuniko cha chupa ya mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba alishukiwa, ila alijua, na kwa muda mrefu alimpigia mama mkwe simu mara moja tu kwa mwezi. Isaro alimaliza shule, akaanza kazi ya kuangalia wazee.

Wifi wa Leya alihamia Louisville, kwenye depo. Mama wa miwani aliacha kazi ile ofisini. Jina la mkalimani hawakulijua.

Sebineza hakuja kuandikishwa.